Je, wajua kwa nini bendi ya Kinshasa ilirekodi albamu yake ndani ya bustani ya wanyama?

Albamu ya kwanza ya Staff Benda Bilili, *Très Très Fort*, ilitoka mwaka 2009, na sehemu kubwa yake ilirekodiwa nje, katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, palepale bendi ilipozoea kufanyia mazoezi. Mtayarishaji Vincent Kenis wa lebo ya Crammed Discs ya Brussels alifika na kompyuta mpakato, maiki kama 12 na waya wa umeme wa mita 100 uliochomekwa kwenye kibanda cha vinywaji kilichokuwa kimeachwa.

Ukiitazama bendi yenyewe, uamuzi huo unaeleweka. Waanzilishi wake, Ricky Likabu na Coco Ngambali, walipata polio utotoni. Wao na wenzao kadhaa waliimba na kupiga gitaa wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia wenyewe, huku vijana wakishika midundo nyuma yao. Kundi la namna hiyo hupiga kwa kutazamana. Wagawe kwenye vyumba vya studio, kila mmoja na spika zake za masikioni, na uitikiaji wa sauti zao unapoa mara moja.

Nje kuna faida nyingine: hakuna kuta. Chumbani sauti ya ngoma hugonga ukuta na kurudi, kisha huingia kwenye maiki ya mwimbaji ikiwa imechelewa kidogo, na hapo ndipo rekodi inapokuwa na ukungu. Uwanjani sauti huenda na hairudi, na kila umbali unapoongezeka mara mbili hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hiyo maiki ikikaa karibu na mdomo, ngoma iliyo mita chache nyuma haiifuniki. Mafundi wana kipimo chao: maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwa mwimbaji, ya jirani isikae karibu yake kwa chini ya sentimita 60. Ukikiuka hapo, sauti moja inaingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, nakala hizo mbili zinafutana kwa sehemu, na mwimbaji anasikika kama anaimbia ndani ya bomba. Adui wa kurekodi nje ni upepo, ambao hata ukiwa mwepesi hunguruma kwenye maiki isiyovikwa sponji, na kelele za mji, ambazo hutulia usiku.

Chombo kinachonufaika zaidi na ukaribu huo wa maiki ni satonge, aliyoibuni Roger Landu, aliyejiunga na bendi akiwa kijana mdogo. Ni kopo la bati, ufito uliopindwa na waya mmoja tu. Haina vituo vya vidole kama gitaa. Mkono mmoja unadonoa waya, mwingine unausukuma au kuulegeza ufito, na mkazo wa waya ndio unaobadilisha noti. Kazi hiyo si nyepesi kama inavyoonekana. Urefu wa waya ukibaki uleule, kupanda noti moja nzima kunataka mkazo uongezeke kwa asilimia 26 hivi, na oktavu nzima, yaani kufikia noti ileile ya juu zaidi, inataka mkazo mara 4. Mkono ukiteleza kidogo, noti imepotea, kwa hiyo mpigaji anaitafuta kwa sikio kila mara. Ndiyo maana satonge hulia kwa kuteleza, kama mtu anayeimba, na kopo huongeza ukali wake wa bati juu ya magitaa yote.

Safari ya kufikia albamu hiyo haikuwa nyoofu. Jaribio la awali la kurekodi lilikatizwa baada ya makazi walimokuwa wakiishi kuteketea kwa moto. Lakini albamu ilipotoka mambo yalikwenda mbio: mwaka huohuo wa 2009 walipiga kwenye tamasha la Eurockéennes huko Belfort, Ufaransa, na wakapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia. Mwaka 2010 filamu ya Renaud Barret na Florent de la Tullaye kuhusu bendi hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ukumbi ulibadilika, wimbo wao "Polio" ukabaki uleule, ukiwasihi wazazi wawapeleke watoto kupata chanjo.

Albamu ya pili ilifuata mwaka 2012. Mwaka uliofuata bendi ikagawanyika, na Coco Ngambali na Theo Nzonza wakaanzisha Mbongwana Star, iliyotoa albamu yake mwaka 2015.