Pima kila asubuhi, hukumu kwa wiki

Nianze na jibu la swali la anayepunguza mwili, yaani apime uzito mara ngapi, maana najua wengine mnasoma hapa mkiwa kwenye foleni ya benki. Kama una mizani nyumbani na moyo wa kuvumilia namba, pima kila asubuhi. Kama huna mizani, mara moja kwa wiki inatosha. Na kama namba ikikukataa inakuharibia siku nzima, achana na mizani kabisa, tutatumia futi ya fundi cherehani. Ninachokikataza kwa wote ni kimoja: kuchukua namba ya leo, kuiweka kando ya namba ya jana, halafu kutoa hukumu.

Mimi ni afisa lishe, nafanya kazi hapa Mtwara. Wanaokuja kwangu kupunguza mwili wengi wanafika wameshapima. Jumamosi mtu kapima stendi kwenye ile mashine inayopiga kelele kutwa, Jumanne kapima duka la dawa, leo kapanda mizani yangu akiwa na viatu, simu mbili na funguo za pikipiki. Mizani tatu, nguo tofauti, saa tofauti. Kisha ananiuliza mbona anapanda.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba nishati ya takribani kalori 7,700. Anayepungua kwa mwendo mzuri, tuseme nusu kilo kwa wiki, anapoteza mafuta gramu 70 hivi kwa siku. Mizani nyingi za nyumbani zinasoma kwa hatua za gramu 100. Maana yake mafuta uliyopoteza jana mizani yako haiwezi hata kuyaona. Wakati huohuo, maji, chakula kilicho tumboni na choo ambacho hakijatoka vinaweza kuupandisha au kuushusha uzito wako kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja. Kwa hiyo mabadiliko unayoyaona asubuhi moja hadi nyingine karibu yote si mafuta.

Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Korosho ambazo hazijakauka vizuri zinasoma kilo nyingi kwenye mizani ya chama cha ushirika, gunia likikaa ghalani linapungua kwa unyaufu, na hakuna aliyeiba hata punje. Kilichoondoka ni maji.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, alikuja Jumatatu amenuna. Tangu Ijumaa alikuwa amepanda kilo 1.8.

"Dokta, hii mizani yako inanichukia."

"Shikamoo mama. Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nilikuwa Newala, tulikuwa tunamtoa mwali. Lakini sikula sana mwanangu, nakuapia."

Nilimwamini. Tulichukua kalamu. Ili apate mafuta ya kilo 1.8 ilibidi ale karibu kalori 13,900 zaidi ya zile mwili wake unazotumia. Tukikadiria sahani kubwa ya pilau yenye nyama ina kalori 800, hizo ni sahani kumi na saba, juu ya chakula chake cha kila siku, kwa siku mbili. Alicheka mpaka akashika meza. Kilichompandisha ni chumvi ya pilau na kachumbari, wali, soda, kukaa kwenye basi saa kadhaa, na choo ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, "kimegoma tangu juzi." Kufika Ijumaa sehemu kubwa ya zile kilo ilikuwa imeondoka bila dawa wala kufunga.

Chumvi inafanya hivi: ukiila nyingi, mwili unabaki na maji ili damu isizidi kuwa ya chumvi, na figo huchukua muda kuiondoa ziada. Ukila ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, usiku, asubuhi mizani inakwambia. Wanga nao una maji yake. Ugali, wali, muhogo na ming'oko, mwili ukishavimeng'enya huweka sehemu ya sukari yake kwenye ini na misuli kama akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Mtu mzima anaweza kuwa na akiba ya karibu nusu kilo. Ongeza maji yake, ushapata kilo mbili za kitu ambacho si mafuta na kinachoweza kuondoka kwa siku chache.

Hapo ndipo biashara ya "punguza kilo tano kwa wiki moja" inapopata mtaji. Mtu anaacha ugali na wali siku saba, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka kilo mbili au tatu, anapiga picha na kuiweka status. Zile chai za kusafisha tumbo nyingi ni dawa za kuharisha tu. Zinatoa choo na maji, mafuta yanabaki palepale yalipo. Siku akirudi kwenye wali, kilo zinarudi, naye anajilaumu kwamba hana msimamo. Wanaoziuza wananikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kuna upande wa pili ambao watu wanausahau: mizani inaona uzito, haioni kalori. Ukipita Mnazi Mmoja pale Lindi, njia zinapogawana, basi likisimama vijana wanakimbilia madirishani na korosho. Pakiti ya robo kilo ina karibu kalori 1,400, yaani ni kama chakula cha zaidi ya nusu siku kwa wanawake wengi. Tumboni ina uzito wa gramu 250. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito mara nne ya hiyo pakiti na kalori sifuri. Ukipanda mizani muda huohuo, maji yanaonekana ndiyo mkosaji. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kula vibaya Jumanne na Jumatano akasoma namba nzuri, akajiona mjanja. (Korosho sijazikataza. Mtu wa Mtwara akikwambia uache korosho, hamia kwa daktari mwingine. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kinatosha.)

Sasa, kama namba ya siku inadanganya hivi, kwa nini nasema upime kila siku? Kwa sababu namba nyingi zikijumlishwa zinafuta uongo wa kila moja. Tazama mfano huu niliouandaa. Wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Jumapili: 84.6, 84.1, 84.9, 84.3, 83.9, 84.0, 85.2. Wiki ya pili: 84.7, 84.2, 83.6, 83.8, 83.5, 83.4, 84.5. Anayepima Jumatatu peke yake ataona 84.6 halafu 84.7. Amepanda! Ataacha mazoezi siku hiyohiyo. Anayepima Jumamosi peke yake ataona amepungua gramu 600 na kujipongeza. Aliyepima siku zote, akajumlisha na kugawa kwa saba, anapata wastani wa 84.4 wiki ya kwanza na 84.0 ya pili. Amepungua karibu nusu kilo, sawasawa na alivyokusudia, ingawa Jumapili zote mbili alikuwa kwenye sherehe.

Simu yoyote ina kikokotoo. Andika namba kila asubuhi kwenye daftari, usiitafakari, nenda kazini. Jumapili jioni ndiyo siku ya hesabu. Na hata wastani wa wiki usiutolee hukumu ukiwa mmoja: nataka nione wiki tatu au nne zikielekea upande mmoja kabla sijagusa chakula cha mtu. Wanawake wanaopata hedhi walinganishe wiki na wiki ileile ya mzunguko uliopita, kwa sababu siku za kabla ya hedhi mwili unaweza kushika maji ya kutosha kuficha kazi ya wiki mbili. Anayeanza mazoezi naye asishtuke: misuli iliyochoka inavuta maji wakati inajirekebisha, na mizani inaweza kusimama au kupanda kidogo wiki za mwanzo.

Namna ya kupima haina siri. Asubuhi ukishaamka na kwenda chooni, kabla ya chai, nguo nyepesi au bila nguo. Weka mizani kwenye saruji au vigae, kamwe si juu ya mkeka au zulia, na isihamehame. Ya mshale irudishe sifuri kwanza. Ukiishuku, chukua dumu la lita 20 lililojaa maji: maji yenyewe ni kilo 20, dumu lenyewe kama kilo moja. Lipandishe mara tatu. Ikisoma 21, 21, 21, iko sawa. Ikisoma 23 mara zote tatu, bado inafaa kufuatilia mwenendo wako, maana inakosea kwa namna ileile. Ikisoma 19, kisha 22, kisha 20, badilisha betri, na ikiendelea mpe mtoto achezee.

Mwezi wa Ramadhani chagua wakati mmoja na uushike. Mimi nashauri ukiamka kwa daku, kabla hujatia kitu mdomoni. Wanaopima dakika tano kabla ya futari na kufurahia wamepungua kilo moja na nusu wanafurahia kiu.

Asiye na mizani asihangaike kununua. Chagua mizani moja, ya zahanati au duka la dawa lile lile, siku moja ya wiki, asubuhi, nguo zinazofanana. Siku ya katikati ya wiki ni bora kuliko Jumatatu, kwa sababu mizigo ya sherehe inakuwa imeshapungua. Nyumbani ongeza futi: zungusha tumboni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukimaliza kutoa pumzi, mara moja kila wiki mbili. Kwa mwanamke sentimita 80 kwenda juu ni dalili ya kujihadhari, na zaidi ya 88 hatari ya presha na kisukari inakuwa kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Kuna watu ambao mizani yao husimama mwezi mzima huku kiuno kikipungua.

Kuna ambao kwao nasema usipime kila siku, na hapa sitanii. Mtu aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha. Binti wa sekondari, ambaye namba inaweza kumtia kwenye njia hiyo. Mjamzito hapunguzi uzito, uzito wake unafuatiliwa kliniki. Mgonjwa wa moyo kushindwa kazi anapima kila siku, lakini kwa sababu nyingine kabisa: akipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu aende hospitali, maji yanajaa mwilini. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, au dawa za presha, akianza kupungua amwone daktari wake, kwani dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Na anayepungua bila kujaribu, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa au jasho la usiku, asinipigie simu kunishukuru. Aende akapime kifua kikuu.

Marekani wana daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Lilianzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Robo tatu ya waliomo hupima angalau mara moja kwa wiki. Hilo peke yake halithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowasaidia, maana aliyefanikiwa hupenda kupima na anayenenepa huikimbia. Kilichonishawishi zaidi ni jaribio la Wing na wenzake lililotoka mwaka 2006. Walichukua watu 314 waliokwishapungua, kundi moja likapewa jarida tu, mawili yakafundishwa kupima kila siku na kuchukua hatua, moja likikutana ana kwa ana na jingine kwa intaneti. Baada ya miezi 18, waliorudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72 kwa wa jarida, asilimia 55 kwa wa intaneti na asilimia 46 kwa waliokutana ana kwa ana.

Walichofundishwa ni rangi za taa za barabarani, na mimi nawafundisha wangu hivyohivyo wakifika uzito waliotaka. Ukiwa hujapanda zaidi ya kilo 1.3 juu ya uzito huo ni kijani, endelea na maisha. Kuanzia 1.4 hadi 2.2 ni njano: tafuta kilichobadilika, mara nyingi ni kitu kimoja, soda imerudi au matembezi ya jioni kule Shangani yamekufa. Kuanzia 2.3 ni nyekundu: unarudi kwenye mpango wote wa mwanzo wiki hiyohiyo, kabla hazijawa tano. Kwa watu wangu naongeza sharti moja, kwamba rangi isomwe kwenye wastani wa wiki, na kati ya Oktoba na Desemba, minada ikifunguliwa na fedha za korosho zikiingia, daftari lisifungwe hata siku moja. Miezi hiyo ndiyo ninayopokea wengi waliorudi kwenye njano.