Timu iliyo juu ya kiputo: maana yake katika besiboli ya vyuo vya Marekani

Mei inapofika, wapenzi wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani huanza kuzigawa timu katika mafungu matatu. Kuna zilizokwisha jihakikishia mtoano wa taifa, kuna zilizokwisha poteza, na kuna zile ambazo hakuna anayeweza kuziapia. Hizi za mwisho husemwa kuwa ziko juu ya kiputo. Ni kiputo kama kile cha sabuni ambacho watoto hukipuliza hewani: bado kinaelea, kinang'aa juani, lakini kikiguswa na kitu chochote hupasuka.

Maneno hayo hayaelezi ubora wa timu peke yake. Timu nzuri yaweza kujikuta hapo kwa sababu ya wiki tatu mbaya za Aprili. Maana halisi ni kwamba hatima ya timu haiamuliwi tena na msimamo wa ligi; iko mikononi mwa kamati. Hapo ndipo mtu aliyezoea soka huchanganyikiwa. Katika soka tunajumlisha pointi, tunatazama tofauti ya mabao, tumemaliza. Kwa besiboli ya vyuo, watu wanakaa chumbani, wanalinganisha rekodi za timu ambazo pengine hazikukutana hata mara moja msimu mzima, kisha wanasema huyu ndani, yule nje.

Divisheni ya kwanza ya vyuo ina timu takriban 300. Tangu 1999, mtoano wa taifa huchukua 64. Karibu nusu ya nafasi hizo ni tiketi za moja kwa moja: kila konferensi, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza ligi yao wenyewe, humpeleka bingwa wake. Nafasi zilizobaki hugawiwa na kamati ya uteuzi. Timu 64 hupangwa katika vituo 16 vya timu nne nne, na timu hutolewa ikishapoteza mara mbili. Washindi 16 hukutana wawili wawili, na wanane wanaobaki husafiri hadi Omaha, Nebraska, ambako fainali za taifa zimekuwa zikichezwa tangu 1950. Kwa wachezaji, jina la mji huo limekuwa neno la lengo lenyewe. Hawasemi wanataka ubingwa. Wanasema wanataka Omaha.

Kiputo kinahusu zile nafasi za kuteuliwa tu. Timu iliyobeba kombe la konferensi yake, yaani mashindano mafupi ya mwisho wa msimu, haina haja ya kumwomba mtu, hata kama msimu wake ulikuwa wa kubahatisha. Na kila mara timu ambayo haikutarajiwa inapobeba kombe la konferensi yake, aliyekuwa akipewa nafasi ya kulibeba huhitaji nafasi ya kuteuliwa, na hapo mmoja wa waliokuwa ukingoni huanguka. Mashabiki humwita bingwa huyo wa ghafla mwizi wa nafasi. Si haki kumwita mwizi, kwa kweli, maana ameshinda uwanjani, lakini anayeangalia televisheni huku timu yake ikisubiri hukumu hawezi kumwita jina zuri.

Sasa, kamati inatazama nini? Kipimo kilichozoeleka zaidi ni RPI, kifupi cha Rating Percentage Index. Ni hesabu yenye vipande vitatu: robo ni asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu nzima ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wake, na robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani wake. Tazama uzito ulivyokaa. Umecheza na nani kunahesabiwa mara tatu ya umeshinda ngapi. Ndiyo maana timu ya konferensi ngumu yaweza kupigwa mara nyingi na bado ikakaa juu, ilhali timu ya konferensi dhaifu inashinda kila wiki na bado inaogopa.

Kuna kingine, na hiki ndicho kinachonifanya niipende hesabu hii pamoja na kasoro zake. Tangu msimu wa 2013, katika lile fungu la ushindi wa timu yenyewe, ushindi wa ugenini ulianza kuhesabiwa 1.3 na wa nyumbani 0.7. Kufungwa nyumbani kukawa 1.3, kufungwa ugenini 0.7. Chukua timu iliyoshinda mechi mbili kati ya tatu uwanjani kwake: ina 1.4 za ushindi na 1.3 za kufungwa, ukigawa unapata 0.519. Chukua nyingine iliyokwenda ugenini ikashinda moja tu na kupoteza mbili: 1.3 za ushindi, 1.4 za kufungwa, jibu ni 0.481. Yaani aliyeshinda wikendi nyumbani na aliyeshindwa wikendi ugenini wanakaribia kulingana. Na aliyeshinda mbili kati ya tatu ugenini? Ana 2.6 dhidi ya 0.7, sawa na 0.788. Kwa hiyo mtu akikuuliza timu yake ina matumaini gani wikendi hii, mwulize kwanza inacheza wapi.

Hilo linatuleta kwenye mfululizo wa mechi tatu, ambao ndio moyo wa mchezo huu vyuoni. Timu za konferensi moja hazikutani kwa mechi moja. Mgeni anakuja Ijumaa na anaondoka Jumapili, wamecheza mara tatu katika uwanja ule ule. Katika SEC, konferensi ya kusini inayohesabiwa na wengi kuwa ngumu kuliko zote, ratiba ni wikendi kumi za namna hiyo, mechi 30. Jumanne hupigwa mechi dhidi ya chuo jirani cha nje ya konferensi, na makocha wengi huzitumia kuwapumzisha warushaji wao wakubwa, wale wanaomtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mechi hizo zinaonekana ndogo, lakini timu iliyo ukingoni ikifungwa Jumanne nyumbani na timu dhaifu, Mei kipigo hicho kitasomwa kwa sauti.

Mechi tatu mfululizo hupima kitu ambacho mechi moja haikipimi. Mkono wa mrushaji huchoka; aliyeanza Ijumaa kwa kawaida haanzi tena hadi wiki ijayo. Kwa hiyo Ijumaa anasimama mrushaji bora wa timu, Jumamosi wa pili, Jumapili wa tatu, na nyuma yao wapo wale wa akiba wanaoingia mwenzao anapoishiwa. Timu yenye nyota mmoja itashinda Ijumaa na kuumbuka Jumapili. Kocha akimtumia mrushaji wake wa kumalizia Ijumaa ili aokoe ushindi mmoja, pengine hatakuwa naye Jumapili atakapomhitaji zaidi. Mimi huiona Jumapili kuwa siku ya ukweli. Ndiyo siku unayojua kama chuo kina timu au kina mtu mmoja.

Ikiwa wikendi imeisha mbili kwa moja, mshindi amechukua mfululizo. Ikiisha tatu kwa bila, wanasema amefagia, na utaona mashabiki wamekuja uwanjani na fagio za kweli wakizipunga. Kwa timu iliyo juu ya kiputo, tofauti ya matokeo hayo inaweza kuwa tofauti ya mwaka mzima.

Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni wa chuo kikuu cha Mississippi, kinachojulikana kama Ole Miss, mwaka 2022. Machi ya mwaka huo walikuwa wanatajwa kuwa bora nchini. Kisha mambo yakaharibika wikendi baada ya wikendi, hadi Mei ilipoanza walikuwa wameshinda 7 na kupoteza 14 ndani ya SEC. Kwa rekodi hiyo hakuna anayekupa nafasi. Kocha Mike Bianco, aliyekuwa ameinoa timu hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa anazungumzwa kama mtu anayeelekea mlangoni. Wakaifagia Missouri. Zikabaki wikendi mbili, na ya kwanza kati yake ilikuwa kwa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge, uwanja ambao mgeni hashindi kirahisi.

Hiyo ndiyo wikendi inayoeleza maana ya mfululizo wa kufa au kupona. Wangeshinda moja, wangerudi kwao Oxford wakiwa 11 kwa 16. Wangeshinda mbili, mlango ungebaki nusu wazi. Walishinda zote tatu, ugenini, kila moja ikiwa na uzito wa 1.3. Wikendi ya mwisho wakapoteza mbili kati ya tatu kwa Texas A&M nyumbani, wakamaliza 14 kwa 16, kisha wakafungwa mechi ya kwanza ya kombe la konferensi kule Hoover, Alabama. Baada ya hapo hawakuwa na cha kucheza. Walisubiri.

Jumatatu ya Mei 30 orodha ikasomwa, Ole Miss wakiwa ndani, na mwenyekiti wa kamati akaeleza kwamba wao ndio waliokuwa wa mwisho kuingia. Kwa upande wa pili wa mstari huo walikuwapo NC State, waliokuwa wamefika fainali ya kombe la konferensi yao, ACC, siku moja kabla. Mwaka mmoja nyuma vijana wa chuo hicho walikuwa Omaha, wamebakiza ushindi mmoja kuingia fainali, wakaondolewa kwa sababu ya masharti ya UVIKO-19. Sasa wakaachwa nje kabisa. Nakiri kwamba mpaka leo naona wangestahili kuingia. Lakini hata ukimtoa mmoja ukamweka mwingine, mstari lazima upite mahali, na popote utakapopita kutakuwa na vijana wamekaa mbele ya televisheni wakisubiri jina lisilotajwa.

Vigezo vya kuvuka mstari huo havijaandikwa vyote. Kimoja kiko wazi: timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda kwa jumla haiwezi kuteuliwa. Florida ya 2024 ilipita hapo kwa unywele, imeshinda 28 na kupoteza 27, na ndani ya SEC ilikuwa 13 kwa 17. Wengi walipiga kelele ilipoteuliwa. Ikaenda kushinda kituo chake ugenini Stillwater, ikaitoa Clemson huko kwao, ikafika Omaha. Kwa mashabiki wa SEC, ushindi 13 ndani ya konferensi umekuwa kama namba ya uhai. Si sheria, ni uzoefu tu, na haumsaidii aliye kwenye konferensi nyepesi. Yeye mara nyingi hana njia ila abebe kombe, kama Fresno State ya 2008, iliyoingia kwa ubingwa wa konferensi yake, ikapangwa ya mwisho kati ya timu nne za kituo cha Long Beach, na ikamaliza kama bingwa wa taifa.

Rudi kwa Ole Miss. Walipopewa nafasi walishinda mechi zote tatu za kituo cha Coral Gables, kisha wakaenda Hattiesburg wakaifunga Southern Miss 10-0 na 5-0. Omaha walipoteza mara moja tu, kwa Arkansas, na siku iliyofuata mrushaji Dylan DeLucia akasimama kilimani, mahali pa mrushaji, mechi nzima, awamu zote tisa, asiruhusu hata mkimbio mmoja, yaani pointi moja: 2-0. Fainali wakaipiga Oklahoma 10-3, na tarehe 26 Juni wakaifunga tena 4-2 baada ya kuingia awamu ya nane wakiwa nyuma, na ubingwa ukawa wao.

Mtu akiniuliza wikendi moja ya Mei ina uzito gani, huwa narudi kwenye hesabu ile ya Baton Rouge. Wangeshinda moja badala ya tatu, na mengine yote yabaki yalivyokuwa, wangemaliza SEC wakiwa 12 kwa 18.