Mwenye mabawa haulizi njia, anauliza pa kutua

Kijana mmoja aliokota kisanamu changu cha Morghast mezani, akamgeuzageuza, kisha akaniuliza: "Kaka, hawa si misukule tu, ila wameota mabawa?" Ni swali la maana, maana anayewaona hawa kama misukule huwachezesha kama misukule, na hapo ndipo wengi wanapowapoteza kabla ya raundi ya pili.

Msukule tunaousikia kwetu ni mtu aliyezikwa, kumbe mchawi kamficha ili amlimie shamba usiku. Mwili ni wa mwenyewe, akili ndiyo iliyochukuliwa. Katika Warhammer Age of Sigmar, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa visanamu na dadu, watu wa namna hiyo wapo: ni zile maiti zinazojikokota kwa makundi. Morghast ni kitu kingine. Ni mwili wa mifupa uliojengwa kwa kusudi, ukapewa silaha na mabawa, na anayemtumikia ni Nagash, mungu wa kifo. Hajikokoti. Anatumwa.

Jeshi anakopatikana siku hizi linaitwa Ossiarch Bonereapers, na kwangu ni jeshi lenye wazo zuri kuliko yote ya wafu katika mchezo huu. Linafika kwenye mji na kudai zaka, na zaka yenyewe ni mifupa. Mafundi wao, Mortisan, huichonga mifupa hiyo kuwa askari na kuwatia roho zilizochanganywa kutoka kwa watu wengi. Hata vitani kuna jitu, Gothizzar Harvester, ambalo kazi yake ni kuzoa mifupa ya walioanguka. Kila kitu kina hesabu na utaratibu, kama ofisi ya kodi yenye panga.

Ila Morghast ni wakubwa kwa umri kuliko jeshi lao. Visanamu vyao vilitoka 2014, wakati Nagash mwenyewe alipotolewa upya katika miaka ya mwisho ya Warhammer ya zamani. Age of Sigmar ilianza 2015. Ossiarch wakaja 2019. Ndiyo maana ukiwapanga Morghast kando ya askari wa miguu wa Mortek Guard utaona mikono miwili tofauti ya mchongaji. Mortek wana nyuso laini, karibu kama vinyago. Morghast wamechongoka kila upande. Mimi huwaunganisha kwa rangi: mfupa uleule, vitako (visahani wanavyosimamia) vyenye mchanga uleule, na bluu ileile ya roho machoni. Usipofanya hivyo, wataonekana kama wageni waliokuja harusi isiyo yao.

Boksi moja lina wawili, na unapounganisha ndipo unapochagua. Harbinger ni wa kushambulia. Archai wana deraya nzito na ni walinzi. Katika kitabu cha kanuni za jeshi hili cha 2019 deraya hiyo iliwapa nafasi ya kufuta, kwa dadu ya 5 au 6, yale majeraha ambayo kinga ya kawaida haiyazuii. Archai ni wazuri kusimama kando ya kiongozi. Lakini leo ninataka kuzungumzia Harbinger, kwa sababu ndiye anayeeleweka vibaya.

Watu hutazama upanga wake. Mimi naomba mtazame miguu yake, ambayo haigusi chini.

Kwanza, hesabu. Askari wa kawaida akitaka kuvamia hurusha dadu mbili, na jumla ndiyo inchi atakazosogea. Harbinger, kwa kanuni za kitabu kile, alirusha tatu, na aliruhusiwa kujaribu akiwa hata inchi 18 kutoka kwa adui badala ya 12. Wastani wa dadu mbili ni 7; wa tatu ni 10.5. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke mezani. Tuseme adui yuko inchi 20. Harbinger anaruka inchi 9 katika mwendo wake wa kawaida, zinabaki 11. Kwa dadu mbili, kupata 11 au zaidi ni mara 3 kati ya 36. Kwa dadu tatu ni mara 108 kati ya 216, yaani nusu kamili. Sogea karibu zaidi, ibaki inchi 9: dadu mbili zinakupa mara 10 kati ya 36, tatu zinakupa 160 kati ya 216. Robo na ushei imegeuka karibu robo tatu. Kanuni hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo soma karatasi ya sasa kabla ya kukaa mezani. Hesabu ya dadu yenyewe haina toleo.

Sasa jambo lenyewe. Mpinzani akisikia hesabu hiyo hufanya kila mtu anachofanya: anaweka mstari wa askari wa bei nafuu mbele, ukuta, na nyuma yake anamficha kuhani au mpiga mizinga. Dhidi ya farasi, ukuta huo unatosha. Dhidi ya Harbinger haujazuia kitu. Anayeruka hupita juu ya visanamu vingine kana kwamba havipo. Anachohitaji ni kitu kimoja tu: nafasi ya kitako chake kutua, nusu inchi kutoka kwa aliyemlenga. Njia haimhusu.

Kwa hiyo ninapocheza, sihesabu tu inchi kati yangu na adui. Natazama sakafu tupu iliyo nyuma ya mstari wake. Kuna kijiwanja cha kutosha kitako kile kipana kati ya ukuta na kuhani? Kama kipo, ukuta ni pambo. Kama hakipo, hata nikipata 18 kwenye dadu, sina pa kushukia, na nitaishia kupigana na wale wa bei nafuu ambao mpinzani alitaka nipigane nao. Na ukiwa upande wa pili, dawa ni hiyohiyo kwa kinyume: usitandaze mstari mwembamba mrefu. Wasogeze askari wako karibu na unayemlinda, wamzunguke, mpaka pasibaki mahali pa kutua. Kuku hukusanya vifaranga chini yake anapoona kivuli cha mwewe, hawapangi mstari.

Kosa langu mwenyewe la miaka ya mwanzo lilikuwa kuwatuma peke yao. Ni wawili tu, na ingawa katika kitabu kile kila mmoja alihimili majeraha 6 kabla ya kuanguka, wakitua katikati ya jeshi zima bila mwenzao wanazungukwa, na mabawa hayasaidii tena. Siku hizi huwaacha Mortek watangulie, wagusane na adui, wamshike. Harbinger hukaa nyuma ya mnara au kilima raundi nzima bila kufanya lolote. Kungoja huko kunaumiza roho, nakiri. Lakini adui anapovuta askari mbele kuzuia Mortek, kijiwanja kinafunguka nyuma yao.

Neno kwa wanaopaka. Usigundishe mabawa kabla ya rangi. Brashi haitafika mgongoni. Piga praima vipande mbalimbali, mwili huku, mabawa kule. Kwa mfupa mimi huanza na rangi nyeupe iliyokolea kidogo manjano, kisha naacha kahawia ya majimaji iingie kwenye mifereji, halafu brashi kavu, yenye rangi kidogo sana, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu nataka mwanga uonekane unatoka kwenye roho zilizo chini yake. Na toboa tundu kwa keekee ndogo, weka sumaku kwenye kila bawa. Niliwahi kusafiri na wanne waliogundishwa, nikafika na mabawa matano mazima kati ya manane. Sumaku zimeniondolea shida hiyo.

Yule kijana tulicheza mchezo mmoja jioni ileile. Raundi ya tatu, kabla sijagusa dadu, aliinama akatazama nafasi iliyokuwa nyuma ya mikuki yake, akapima kwa kidole, kisha akawavuta askari wawili nyuma inchi mbili, mmoja kila upande wa kuhani. Harbinger wangu wakabaki nyuma ya mnara.