Siku ya kujiachia kwenye dayati: sahani moja ruksa, Jumamosi nzima hapana

Kila Ijumaa jioni kuna swali linaingia kwenye simu yangu, tena linakuja na emoji za kucheka kana kwamba mtu anatania, lakini hatanii hata kidogo: "dada, kesho si ndo siku yangu ya kujiachia, au?" Wengine hata ruksa hawaombi, wanatoa taarifa tu. Na mimi kama mtu wa lishe ambaye kutwa nzima nakaa na watu wanaopunguza uzito nna jibu ambalo halimfurahishi mtu wa upande wowote, wale wa "usiguse kabisa" wananiona nawadekeza watu, na wale wa chiti dei, yaani hiyo siku nzima ya kujiachia, wananiona mnoko. Mlo mmoja ruksa, tena tunaupanga pamoja mapema. Siku nzima hapana.

Nyie wa hapana-kwa-nini, tufanye hesabu.

Chukua mama mmoja wa ofisini, kilo 85, anashinda kwenye kiti, mwili wake unataka kama kalori 2,100 kwa siku ili abaki hapohapo alipo. Tumekubaliana ale 1,600. Kwa hiyo kila siku anabana 500, na kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, siku sita, kabana 3,000. Hiyo kazi si ndogo jamani, hapo kayakataa maandazi ya saa nne, kanywa chai kavu wenzie wanakoroga vijiko vitatu vya sukari, kapunguza ugali mpaka mumewe kamuuliza kama anaumwa. Halafu Jumamosi inafika.

Asubuhi supu na chapati mbili. Chapati ya mtaani, ile laini iliyopakwa mafuta ndani na nje, moja haikosi kalori 280, mbili 560, supu weka 250, chai ya maziwa yenye sukari 120. Mchana kuna shughuli kwa shangazi, sahani ya pilau iliyojaa 800, paja la kuku wa kukaanga 250, soda ya chupa 150. Jioni ndo penyewe: chipsi kavu 500, nyama choma ya kuchangia ila moyoni anajua yeye kala nyingi kuliko wenzie 700, na bia nne. Bia ya nusu lita ina kalori kama 210, mara nne ni 840. Ukijumlisha vyote unapata 4,170. Haya ni makadirio, sufuria la huyu lina mafuta kuliko la yule, ila ndo yanacheza hapohapo, na sijaweka karanga wala kile kipande cha keki alichofungiwa kwenye tishu.

Toa 2,100 zake za siku, kazidisha 2,070. Zile 3,000 alizozibana wiki nzima zimebaki 930. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, so wiki yote ile ya chai kavu imempa gramu 120 hivi, na mwezi mzima nusu kilo. Halafu anakuja ananiambia "dada mimi mwili wangu mgumu, haupungui". Mwili uko sawa kabisa, Jumamosi ndo inakula wiki.

Sasa mama huyohuyo, shughuli ileile ya shangazi, pilau lilelile, kuku yuleyule, na soda anywe, ila asubuhi kala mayai mawili ya kuchemsha na tunda, na jioni mchicha na maharage na ugali kidogo. Siku inaishia kwenye 2,200 hivi. Kazidisha mia moja tu, wiki imebaki na 2,900, ambazo ni kama gramu 370, kwa mwezi kilo moja na nusu. Na pilau kala! Hapo ndo huwa nawaambia watu chakula chenyewe cha sherehe hakina shida sana, shida ni vile vinavyokizunguka, ile "si leo nimejiachia" inayoanzia kwenye supu asubuhi na kuishia kwenye zege, yaani chipsi mayai, saa sita usiku wakati hata njaa hamna.

Ila pia msije mkaogopa mzani bure, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana meseji za Jumatatu asubuhi zinanichosha kuliko za Ijumaa. "Dada nimeongezeka kilo mbili na nusu!!!" Hujaongezeka mafuta kilo mbili na nusu. Ili utengeneze kilo mbili tu za mafuta inabidi ule kalori 15,400 juu ya zile unazohitaji, kwa chapati ile ya 280 ni chapati 55 za ziada, wikiendi moja, na najua unapenda chapati ila sio hivyo. Kilichotokea ni maji. Ukila wanga mwingi baada ya siku kadhaa za kuubana, mwili unajaza ghala lake la glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba, kwenye misuli na ini, na kila gramu ya glaikojeni inashikilia maji kama gramu tatu. Ongeza chumvi ya nyama choma na kachumbari na pilipili ya chupa, nayo chumvi inashikilia maji. Ongeza na chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni kinasubiri kutoka. Ukirudi kwenye mlo wako wa kawaida, kufikia Alhamisi hivi mengi yameshaondoka yenyewe bila kunywa limao la moto wala kufunga.

Na hiyohiyo ndo siri ya zile dayati za "punguza kilo tano kwa siku saba" mnazouziwa mitandaoni. Wanakukatia wanga, ghala linaisha, maji yanatoka, mzani unashuka, unalipia na kozi ya pili. Nimeishia hapo, nisije nikagombana na watu.

Tuje kwa vijana wa jimu, maana wao wana sababu yao ya kisayansi eti: "lazima ujilipue siku moja ili kuishtua metaboli", yaani kasi ya mwili kuchoma kalori. Hii haikuzuka hewani, ina chembe ya ukweli. Kuna homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994 na timu ya Jeffrey Friedman pale Rockefeller University, New York, inatengenezwa na seli za mafuta na kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukibana chakula leptini inashuka, njaa inapanda, na mwili unaanza kubania matumizi. Ukila wanga kwa wingi leptini inapanda, kweli. Lakini inapanda kidogo na kwa muda mfupi, ukirudi kwenye kubana nayo inarudi chini, na huo mshtuko wa metaboli ukiupima kwa kalori haufiki popote karibu na zile 2,000 ulizozidisha. Wengine wananiletea ule utafiti wa Australia wa 2017 uliofanywa kwa wanaume 51 wenye unene uliopitiliza, kwamba waliokuwa wanapumzika walipungua zaidi ya waliobana mfululizo. Ni kweli, ila someni mapumziko yenyewe yalikuwaje: wiki mbili wanabana, wiki mbili wanakula kiasi cha mwili kubaki palepale. Kiasi cha kubaki palepale! Sio nusu kilo ya kitimoto, nyama ya nguruwe, na ndizi. Na tafiti nyingine za kupumzika hivyo zilizokuja baadaye hazikupata faida hiyohiyo, kwa hiyo taratibu na hizi stori.

Mimi sababu yangu ya kumruhusu mtu mlo wa kujiachia haihusiani kabisa na metaboli. Inahusu kichwa. Mwaka 1975 kuna watafiti wawili, Herman na Mack, waliwapa wanafunzi wa chuo milkisheki halafu wakawawekea aiskrimu wakawaambia waionje watoe maoni, kumbe wanachopima ni wamekula kiasi gani. Wale ambao kwa kawaida hawajibani, waliokunywa milkisheki walikula aiskrimu kidogo, kama ambavyo ungetegemea, wameshashiba. Wale wanaojibana, wale wenye masharti, wakishapewa milkisheki walikula aiskrimu NYINGI kuliko wenzao wenye masharti ambao hawakupewa. Sharti limeshavunjika, basi liwalo na liwe. Nawaona hawa kila wiki. Mtu kala andazi moja kazini saa nne, andazi moja jamani, kalori 200, badala ya kuendelea na siku yake anasema "leo nishaharibu" na mpaka usiku kala vya siku mbili, "nitaanza upya Jumatatu". Andazi halikumfanya kitu, hiyo Jumatatu ndo imemponza.

Kwa hiyo mlo uliopangwa unamwondolea mtu hilo sharti la kuvunja. Kama pilau la Jumamosi liko kwenye ratiba, ukilila hujavunja chochote, Jumamosi jioni unaendelea kama kawaida. Sipendi hata watu wanavyosema "nimetenda dhambi" kwa sababu ya chipsi. Chipsi ni viazi na mafuta.

Jinsi ya kuupanga, nitatumia harusi kwa sababu ndo mtihani mkubwa zaidi, na ukiiweza harusi ya Dar utaiweza sehemu yoyote, nyie wa Nairobi na mutura zenu mtanisamehe. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, bibi harusi anaingia saa tatu, chakula kinatoka saa nne na zaidi maana mc bado anaita meza za upande wa kiume. Na mtu wangu wa dayati kwa ujanja wake hajala tangu asubuhi "anatunza nafasi". Kosa hilohilo. Mpaka unafika kwenye foleni ya chakula tumbo linakuunguruma, ushakunywa soda mbili au bia tatu tupu tumboni, umeshamaliza karanga na sambusa za mezani, hapo hata mimi siwezi kuchagua vizuri. Kula nyumbani saa kumi na moja, kitu chenye protini, mayai au maharage au samaki, kisicho kingi. Halafu kwenye foleni usianze kupakua, pita kwa macho kwanza mpaka mwisho uone kuna nini. Sahani nyingi nazoziona ukumbini zina wali mweupe, pilau, ndizi, tambi na chipsi kwa wakati mmoja, wanga wa aina tano, na kipande cha kuku kimekaa juu kama bendera. Chagua wanga mmoja unaoupenda kweli, pilau au ndizi, weka wa kutosha, nyama weka, mboga weka nyingi, hiyo saladi ya mayonezi ipite. Kama kuna ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kula ndafu, hiyo huikuti kila wiki, tena mbuzi ana mafuta machache kuliko kuku wa kukaanga na ngozi yake. Chipsi utazikuta kesho kila kona, za nini harusini?

Pombe ndo naibania zaidi. Kila gramu ya pombe ina kalori 7, karibu na mafuta ambayo ni 9, haishibishi, na mwili unaishughulikia yenyewe kwanza huku uchomaji wa mafuta ukisubiri. Alafu bia ya tatu ndo inayoagiza mishikaki. Mbili, na maji katikati.

Na msibebe mabaki! Shangazi atakufungia pilau la watu wanne kwenye kontena la aiskrimu, pokea kwa heshima, kisha mpe dereva bodaboda au majirani, la sivyo mlo mmoja unageuka siku tatu.

Ngapi kwa wiki? Kwa wengi mmoja, mara chache miwili kama uzito unashuka vizuri. Sikukuu kubwa sizihesabu kabisa. Eid, Krismasi, Pasaka, siku hizo kula na watu wako, ni siku za kuhesabika kwa mwaka. Ramadhani ni kitu kingine, mwezi mzima wa kaimati na mihogo ya nazi na sambusa kila jioni hauwezi kuitwa siku ya kujiachia, na watu wanatoka Ramadhani na kilo za ziada wakishangaa wakati walikuwa wamefunga.

Kuna watu hata huu mlo mmoja siwapi hivihivi. Kama ukianza kula huwezi kusimama, unakula kwa kujificha, unakula mpaka unaumia halafu unajitapisha au unajichukia siku nzima, hapo usijaribu ratiba yoyote ya mtandaoni ikiwemo yangu, tafuta mtaalamu wa kukusikiliza, inatibika. Mwenye gauti anajua mwenyewe nyama choma na bia zinamfanya nini usiku kidoleni.

Na wenye sukari, hasa mnaochoma insulini au mnaomeza vidonge vya sukari vya glibenklamidi, hatari yenu kubwa zaidi inaweza kuwa kesho yake. Mtu kala sana Jumamosi, Jumapili anaamua "kulipa" kwa kushinda njaa, na dozi kameza ileile. Glibenklamidi inaendelea kusukuma insulini itoke hata kama hujala kitu, sukari inashuka, jasho jembamba, mikono inatetemeka, na akiwa amelala watu wanadhani kachoka na sherehe. Msilipe. Jumapili kuleni milo yenu yote kwa saa zake, pimeni sukari, na kabla ya kubadilisha ratiba yoyote ya kula ongeeni na daktari aliyewaandikia dawa.