Panya Kapona, Wewe Umebakisha Miezi Minne

Juzi tena. Kijana wa tuktuk kutoka Kongowea, miezi miwili ya mwanzo kaimaliza bila kuruka dozi hata moja, ananitolea simu nisome ujumbe wa grupu la ukoo wao: kuna dawa imeponya TB ya panya chapuchapu, ila madaktari wanaificha. "Daktari, panya kapona. Mimi bin Adamu nimeze miezi sita kwa kosa gani?"

Ni wa ngapi mwaka huu, nimeacha kuhesabu. Naandika ili nikiulizwa tena nitume hii.

Kwanza, panya yupi? Kiswahili chetu kimewatia wote kapu moja. Wako panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi kutafuta TB, lakini hao ni wafanyakazi, si wagonjwa. Anayetibiwa kwenye habari za dawa mpya ni yule mdogo wa maabara, wa gramu 20 na ushei. Huyo akivutishwa bakteria hapati tundu kwenye pafu. Anapata vijitonge vya seli, na bakteria wengi wamejificha humo ndani ya seli, mahali ambapo damu inapita na dawa inafika.

Wewe je? Shika eksirei yako uielekeze dirishani. Lile duara jeusi juu kulia ni tundu, na ukuta wake umepakwa uozo mweupe unaomeguka kama jibini. Humo hamna mshipa wa damu. Bakteria wako nje ya seli, wengine wamezubaa tu, hawazaliani, na dawa nyingi humuua anayezaliana. Halafu kila dawa na tabia yake. Rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vyako, hupenya jibini vizuri. Nduguye rifapentini, aliyeng'ara sana kwa panya, hupenya kwa shida.

Sasa wanakuja wenzangu wa kazi, na hawa ndio wanaonikera zaidi, na ile yao ya "panya si mtu", kisha wanafunga mjadala. Si mtu, ndiyo. Lakini nguvu ya pirazinamidi ya kumaliza mabaki ya bakteria ilionekana kwa panya miaka ya 1950, na leo imo kwenye kidonge unachoandika wewe mwenyewe, daktari. Simbilisi ana jibini kama letu, na bado Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa TB, alipotangaza dawa yake ya tuberkulini mwaka 1890, baada ya kuona inawasaidia simbilisi, watu hawakupona. Kwa hiyo kufanana peke yake hakutoshi. Inategemea umemuuliza mnyama swali gani. Panya waliahidi kwamba antibiotiki iitwayo moksifloksasini ingefupisha tiba. Majaribio ya miezi minne yaliyochapishwa 2014 yakagonga mwamba, likiwemo la nduguye gatifloksasini lililokuwa na wagonjwa wa Kenya: ugonjwa uliwarudia wengi mno. Panya kaongopa? Katika jaribio lililochapishwa 2021 moksifloksasini iliunganishwa na rifapentini kila siku, na miezi minne ikatosha. Kima wa maabara anatukaribia zaidi, ila gharama yake usiulize.

Na huyo "mtu" tunayemlinganisha na panya ni yupi? Nimeona pafu moja lina kovu lililokauka, kando yake kidonda kibichi, na juu yake tundu. Mwili mmoja, bakteria wale wale. Kwa nini hiki kilifunga na kile kikapasuka, sijui, na sijakutana na anayejua.

Jingine, hili huwa silisemi kliniki. Wengi wenu mngepona kwa miezi minne hata kwa dawa hizi hizi. Watoto ambao TB yao si kali tayari wanaruhusiwa minne. Kwa watu wazima shida ni kwamba sina kipimo cha kuniambia ni nani atapona na nani atarudi kwangu Desemba akikohoa damu. Kwa hiyo mnameza nyote sita, wengi kwa ajili ya wachache.

Kijana akasikiliza. "Sasa mimi ni yupi kati ya hao?"

Nikamwonesha tundu lake, kubwa kama kokwa ya embe. Akalitazama kitambo, akazitia pakiti mfukoni, kisha akauliza kama anaweza kuzimeza na chai na mahamri.

Meza na maji, nikamwambia. Mahamri baada ya saa nzima.