Dadu za Weldon: Modeli Ikisemwa Inalingana na Data, Inalingana Kiasi Gani?

Mwaka 1894 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, W. F. R. Weldon, alikuwa na rekodi ya dadu 12 zilizorushwa kwa pamoja mara 26,306. Kila zilipotua, zilihesabiwa zile zilizoonyesha 5 au 6. Modeli hapa, yaani maelezo ya kihesabu tunayoyapima kwa data, ni dadu isiyopendelea upande wowote: ingeleta namba hizo theluthi moja ya mara zote. Kwa hiyo, katika matokeo 315,672, tungetazamia 105,224. Zilizopatikana ni 106,602, yaani asilimia 33.77 badala ya 33.33.

Nikiwaonyesha wanafunzi asilimia hizo mbili bila maelezo, wengi husema zinalingana. Hapo ndipo penye hatari, maana jicho halina mizani ya kupimia bahati.

Mizani hiyo aliileta Karl Pearson, rafiki wa Weldon, mwaka 1900. Ndiyo tunayoiita jaribio la kai-skwea, na hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua idadi halisi, toa idadi iliyotarajiwa: 1,378. Izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa tarajio. Kwa fungu la 5 na 6 unapata 18.05. Rudia kwa fungu la namba nne zilizobaki, ambalo tarajio lake ni 210,448: unapata 9.02. Jumla ni 27.07. Tunagawanya kwa tarajio kwa sababu kupungukiwa magunia 10 si jambo moja kwa mkulima aliyetarajia 20 na kwa aliyetarajia 2,000.

Kama dadu zingekuwa sawasawa, bahati peke yake ingeivusha jumla hiyo 3.84 mara 5 tu katika kila majaribio 100. Kufika 27.07 kungetokea kama mara mbili katika majaribio milioni 10. Dadu zile zilikuwa na kasoro. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba vitone vyake vilichimbwa, hivyo upande wenye vitone vingi ulikuwa mwepesi na ukaelekea kubaki juu.

Hiyo 3.84 ndiyo kikomo: jumla ikiivuka, tunaikataa modeli. Ni kikomo cha mafungu mawili. Mafungu yakiongezeka, kikomo hupanda. Na ukitumia data zilezile kukadiria vigezo vya modeli (namba zake za ndani), inabidi kikomo kishushwe, kwa kuwa modeli imekwisha kuonjeshwa majibu kabla ya mtihani. Pearson mwenyewe aliteleza hapo, hadi mtaalamu wa takwimu R. A. Fisher alipomsahihisha mwaka 1922.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Tuseme dadu zilezile zingerushwa sehemu moja tu ya mia ya mara zile, na asilimia zikabaki zilezile. Jumla ingekuwa 0.27, chini kabisa ya kikomo, na mtafiti angeandika kwa furaha kwamba modeli imefaulu. Kasoro ingekuwa palepale, ila data zingekuwa haba mno kuifichua. Ripoti za namna hii naletewa kila mara: watu arobaini wamehojiwa, jaribio halikuona tofauti, na hitimisho linasema modeli "imethibitishwa". Haijathibitishwa. Kwa upande wa pili, ukiwa na data mamilioni, karibu kila modeli itaanguka, hata kwa pengo dogo lisilomdhuru mtu. Nusu asilimia haiwasumbui watoto wanaocheza ludo barazani. Mwenye nyumba ya kamari itamtajirisha au imfilisi. Uzito wa pengo huamuliwa na kazi ya modeli.

Hata kulingana kupita kiasi kuna maswali yake. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, alihesabu mbegu za njegere 7,324: laini 5,474, zilizokunjamana 1,850. Nadharia yake ilidai tatu kwa moja, na kai-skwea ni 0.26 tu. Hilo peke yake halina neno. Lakini mwaka 1936 Fisher alijumlisha kai-skwea za majaribio ya Mendel na kupata 41.6, mahali ambapo bahati, kwa wastani, ingeleta 84. Ukaribu wa namna hiyo ungetokea kama mara 7 katika majaribio 100,000. Fisher alidhani huenda msaidizi aliyejua jibu linalotakiwa alizisogeza hesabu. Wataalamu wanabishana hadi leo, ingawa kanuni za urithi zenyewe zimesimama imara.

Kwa hiyo nikipewa jumla peke yake, huomba jedwali zima, lenye safu ya halisi na ya tarajio. Kwanza natafuta mafungu yenye tarajio chini ya 5. Hayo kwa kawaida huunganishwa na majirani zake, la sivyo kikomo hakiaminiki. Kisha nafuata alama za kujumlisha na kutoa za tofauti kati ya safu hizo mbili. Modeli ya matumizi ya maji ikikadiria pungufu kwa kila kata ya pembezoni na kuzidisha kwa kila kata ya katikati ya mji, nairudisha kwa aliyeitengeneza, hata kama jumla yake haikugusa kikomo.