Mbunifu Aitwe Kabla Menyu Haijaandikwa

Ofisi ikitaka mfumo mpya wa malipo au wa kuomba vibali, mara nyingi mambo huenda hivi: mkuu anaeleza anachotaka, wanaprogramu wanajifungia miezi kadhaa, na zikibaki wiki mbili kabla ya uzinduzi ndipo anaitwa mbunifu, yule anayepanga jinsi mtumiaji atakavyoupitia mfumo. "Hebu tupendezeshee kidogo." Anachagua rangi, anaweka nembo, anasogeza vitufe. Siku ya uzinduzi watu wanapigwa picha na kukata keki. Wiki inayofuata simu za huduma kwa wateja hazipumziki.

Makala hii tunawaandikia hasa wanaoagiza na kulipia mifumo ya namna hiyo. Mbunifu akiitwa mwishoni, mambo yanayomsumbua mtumiaji yameshaamuliwa: hatua ni ngapi, kipi kinaulizwa kwanza, nini kinatokea mtu akikosea. Hapo rangi haisaidii kitu.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekibonyeza. Vitufe vya simu vimepangwa 1, 2, 3 juu na 7, 8, 9 chini, ilhali kwenye mashine za kukokotoa 7, 8, 9 ndizo ziko juu. Mpangilio wa simu haukuja kwa bahati. Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu huko Marekani, ilikuwa na kitengo kilichochunguza jinsi watu wanavyotumia simu, kikiongozwa na John Karlin, mwanasaikolojia aliyezaliwa Johannesburg. Watafiti wake waliwapa wafanyakazi wenzao vitufe vilivyopangwa kwa namna mbalimbali, vingine kwa mistari, vingine kwa duara, wakapima kasi yao, makosa yao, na upi waliupenda. Matokeo yalichapishwa 1960, na simu za kubonyeza zikaanza kuingia majumbani 1963. Wengi wakiisimulia habari hii huruka sehemu moja: mipangilio kadhaa ilikaribiana sana kwa kasi na kwa makosa. Uliochaguliwa ulikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri, na wahandisi nao walikuwa na sauti katika kuuchagua. Mbunifu na mhandisi walikaa meza moja, kila mmoja na hoja zake.

(Karlin huyohuyo alipotakiwa kujua waya wa simu ya mezani unaweza kupunguzwa kiasi gani, aliwakatia wenzake waya zao kimyakimya, inchi moja moja. Hawakushtuka mpaka ilipopungua futi nzima. Leo kamati ya maadili ya utafiti isingemwachia.)

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, kwa wateja wasiofika 500. Huduma ilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo. Wateja walipopewa simu wakaigeuzia kwenye shida zao: wanatumiana pesa, wanalipana bidhaa, wanaweka mauzo ya siku ili yasilale mfukoni. Wengine waliweka pesa kabla ya kupanda gari, wakazitoa walikofika. Timu iliyokuwa pale, akiwemo Susie Lonie wa Vodafone, iliyaona hayo na kuyaandika. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo likasema watu watume pesa nyumbani. Lonie hakuwa mchora skrini, lakini kile alichokifanya kule uwanjani ndicho kiini cha kazi ya ubunifu: kuona watu wanafanya nini na kitu ulichowapa, kisha kuwa na ujasiri wa kurudi ofisini kusema mpango wa awali ubadilike.

Sasa tutazame skrini yenyewe. Mama yuko nje ya kibanda cha wakala na kitochi chake, jua linapiga kioo, anataka kumtumia kijana wake nauli. Menyu inamwambia aingize namba ya simu. Anaisoma kutoka kwenye karatasi, tarakimu kumi, anakosea moja bila kujua. Anaingiza kiasi, anaingiza namba ya siri, pesa imekwenda kwa mtu asiyemjua. Katika menyu za mwanzo ndivyo ilivyowezekana kutokea. Baadaye mitandao ikaweka hatua moja ndogo: kabla hujamaliza, unaonyeshwa jina la mpokeaji. Kenya Safaricom waliiita Hakikisha. Yule mama akiona jina asilolijua, anasitisha hapohapo, bila kuanza safari ya kupiga huduma kwa wateja na kumbembeleza aliyepokea.

Hatua hiyo inaonekana rahisi ukishaiona. Ndani ya timu inaleta mvutano mkubwa. Mtu wa biashara anasema kila hatua ya ziada inafukuza wateja. Mhandisi anakumbusha kwamba ujumbe mmoja wa menyu za nyota na reli (* na #) hauzidi herufi 182, na kwamba muunganisho hukatika mtumiaji akichelewa kujibu. Mwanasheria anauliza kama ni sawa mtu yeyote kuingiza namba ya mwenzake na kuambiwa jina lake, hasa sasa ambapo Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Wote wana hoja. Mbunifu halazimiki kushinda mjadala huo. Anachotakiwa ni kuhakikisha yule mama mwenye karatasi yumo kwenye hesabu za kila mmoja wao, na kuja na mapendekezo yanayoweza kujaribiwa: jina lote, jina la kwanza tu, au jina lenye herufi zilizofichwa?

Sisi tunawashauri hivi: mchelewesheni mtumiaji pale tu ambapo kosa haliwezi kurekebishwa kirahisi. Mfumo unaouliza "Una uhakika?" kila baada ya kubonyeza humzoesha mtu kujibu ndiyo bila kusoma, na siku ya hatari yenyewe atajibu ndiyo vilevile.

Kuna eneo ambalo timu nyingi hulidharau, nalo ni maneno. Ujumbe wa kosa huandikwa na mwanaprogramu saa nne usiku, na husomeka hivi: "Ombi lako halijafanikiwa. Jaribu tena baadaye." Anayeusoma ametoka kuingiza shilingi 80,000 za ada ya mtoto. Swali lake ni moja: pesa imetoka au haijatoka? Ujumbe haumjibu, naye anajaribu tena, na pengine analipa mara mbili. "Malipo hayajafanyika. Salio lako halijakatwa" ni maneno matano, na mbunifu ndiye wa kuyapigania. Ila hawezi kuyaandika peke yake. Lazima mwanaprogramu amhakikishie kwamba mfumo kweli unajua kama salio limekatwa, na mara nyingi swali hilo dogo ndilo linalofichua kwamba mfumo haujui. Mapungufu mengi ya kiufundi hugunduliwa namna hiyo, mtu akijaribu kuandika sentensi ya kweli.

Vivyo hivyo kwa namba ndefu. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20. Zikiandikwa mfululizo, mtu anayezihamisha kutoka kwenye simu kwenda kwenye mita hupotea njiani kila skrini inapozima. Zikipangwa nne nne, anajua alipoishia.

Majaribio hayahitaji maabara. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo katika awamu moja ya majaribio, na kwamba ni bora kurudia awamu ndogo ndogo kuliko kufanya moja kubwa. Hilo tunalithibitisha na wanafunzi wetu kila muhula. Lakini wawe watano wa aina moja. Mhasibu wa kampuni, mzee anayefuatilia pensheni na kijana anayeendesha bodaboda hawajumlishwi pamoja, na asiyeona anayetegemea simu imsomee skrini ana mambo yake ambayo hao wote hawatayagusa. Skrini chorea karatasini. Mpe mtu kazi ya kufanya, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, na wabunifu wachanga karibu wote hushindwa: mtu akisita kidogo tu, wameshanyoosha kidole kumwonyesha kitufe.

Mwanaprogramu naye awepo siku hiyo, walau kwa watu wawili wa kwanza. Ripoti ya kurasa thelathini haimgusi kama kumwona mtu mzima akigeuzageuza simu na kuomba radhi, "Mimi haya mambo ya teknolojia siyawezi." Mara nyingi kasoro hurekebishwa jioni ileile, bila kikao.

Kwa timu ndogo isiyo na uwezo wa kuajiri mbunifu, tunasema jukumu lipewe mtu kwa jina. Kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Anayefaa kuliko wote wakati mwingine ni yule anayepokea simu za malalamiko, kwa sababu anajua kabla ya kila mtu ni ukurasa gani unaowakwamisha watu.

Kwa taasisi zinazotangaza zabuni, pitieni jedwali la gharama kabla ya kusaini. Humo mtakuta mstari wa programu, wa seva, wa leseni, na fungu nono la mafunzo kwa watumiaji. Chukueni sehemu ya fungu hilo la mafunzo mfungue mstari wa majaribio na watumiaji, ufanyike mara tatu: michoro ikiwa karatasini, mfumo ukiwa nusu, na mwezi mmoja baada ya kuzinduliwa. Mkataba useme pia nani ana mamlaka ya kusimamisha uzinduzi iwapo majaribio ya pili yataonyesha kwamba watu hawafiki mwisho.